Chumvi Iliyokuja na Risasi: Bunduki Kongwe na Kutu ya Pemba

Mwonyeshe Mpemba bunduki iliyoliwa na kutu, atakwambia ni bahari. Ana haki yake. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa 23 pale ilipo pana, na ghuba zake zimeingia ndani hata Chake Chake, mji wa katikati ya kisiwa, unapata harufu ya maji ya chumvi kila yanapojaa. Bati huoza, bawaba huoza, na baiskeli iliyoachwa nje msimu mmoja wa masika mnyororo wake hukakamaa. Kwa nini bunduki isioze?

Ila bunduki kongwe ina jambo lake: mara nyingi nje ni nzima kuliko ndani. Mbao za kitako zinang'aa kwa mikono iliyozishika, na chuma cha juu kina wekundu wa kutu nyepesi inayotoka kwa kusugua. Ukiifungua nyuma na kuchungulia tundu la mtutu penye mwanga, unakuta limechimbika vishimo vyeusi, na ile michirizi inayoizungusha risasi imefutika. Upepo wa kusi na wa kaskazi haufiki mle kwa nguvu hiyo. Chumvi iliyochimba mtutu ule iliingizwa na mwenye bunduki mwenyewe, ndani ya risasi, kila alipofyatua.

Siri imo kwenye fataki, yaani kile kikombe kidogo cha shaba kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda, ambacho pini ya bunduki hukigonga. Ndani mna unga mchache sana. Kwa zaidi ya miaka 100 unga huo ulikuwa na potasiamu kloreti, dawa inayotoa oksijeni kwa wingi ikipata moto. Ikishaitoa hubaki potasiamu kloridi, na hiyo ni chumvi, ndugu wa ile ya jikoni. Mlipuko huisukuma mtutuni pamoja na moshi, ikatua juu ya chuma na kuganda. Haionekani wala hainuki. Ikiwa kavu haina madhara makubwa. Kinachoiamsha ni unyevu.

Hapo ndipo Pemba inapoingia. Chumvi hii huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu unapofika asilimia 84 hivi. Chumvi ya kula huanza mapema zaidi, kwenye 75. Zikikutana zote mbili, kama zinavyokutana kwenye mtutu uliofyatuliwa karibu na pwani, hazingoji hata hapo: asilimia 72 tu zinatosha. Kila mwenye jiko Wete au Mkoani ameiona kazi hii, maana chumvi yake hulowa bakulini wakati wa masika hata akiifunika. Chukua sasa bunduki hiyohiyo na risasi hizohizo uzipeleke Nizwa au Ibra, bara ya Oman, ambako sehemu kubwa ya mwaka hewa ni kavu. Chumvi ileile itakaa mtutuni miezi bila kuleta balaa. Bunduki moja, risasi moja, sehemu mbili za dola moja ya zamani, na hatima tofauti kabisa.

Bunduki za mwanzo kufika pwani hii hazikuwa na ugonjwa huo. Wareno walikuja na bunduki za mrao, zilizowashwa kwa utambi. Baada yake zikaja za gumegume, jiwe linalogonga chuma likatoa cheche. Baruti ilikuwa shura, kiberiti upele na makaa, na ilikuwa chafu kupindukia: zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na moshi mzito baada ya kuungua. Masizi nayo hulisha kutu, lakini yanaonekana, yananuka kama yai bovu, na ukipiga mara kadhaa hata kushindilia kunakuwa kazi. Mtu hakuweza kuyapuuza. Aliosha bunduki yake kwa maji, akapitisha kitambaa kwa mdeki, akakausha, akapaka mafuta. Tangu Wareno walioondolewa Fort Jesus mwaka 1698, hadi Wamazrui walioitawala Pemba kutoka Mombasa, hadi watu wa Seyyid Said, mtawala wa Oman, waliowapokonya kisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, kanuni ya kutunza silaha ilikuwa moja, na msingi wake ulikuwa maji.

Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said alitiliana saini na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, mkataba wa biashara kule Maskati. Kifungu kimoja kilihusu bunduki, baruti na risasi. Katika kisiwa cha Unguja vitu hivyo viliweza kuuzwa kwa serikali peke yake, lakini katika bandari nyingine zote za Sultani vilikuwa huru, auziwe atakayetoa bei kubwa. Kwa maandishi yale, Pemba ilihesabika miongoni mwa hizo bandari nyingine. Sidhani walioandika waliifikiria Pemba hata kidogo. Walitaka tu silaha zisizagae chini ya dirisha la Sultani. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zikaendelea kuja na merekani, baruti na bunduki, zikirudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu.

Wakati huo Ulaya ilikuwa ikibadili silaha. Kasisi mmoja wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege, alichoshwa na mwako wa gumegume uliowashtua kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa unga unaolipuka ukigongwa. Kufika miaka ya 1820 unga wa namna hiyo ulikuwa umetiwa kwenye kikofia cha shaba, ndiyo fataki. Majeshi makubwa yalihamia kwenye fataki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830, na bunduki zao za gumegume zikakosa kazi kwa maelfu. Zikaletwa huku. Gobori aliloringia tajiri wa shamba la karafuu mara nyingi lilikuwa mali ya askari wa Kizungu aliyekwisha kupewa jipya.

Utaratibu huo haukuvunjika tena kwa karne moja na nusu. Silaha ikichakaa au ikipitwa na wakati kwenye majeshi makubwa, hushuka bandarini kwetu. Na ikishuka huja peke yake, bila fundi na bila ile desturi ya matunzo iliyoiweka hai kule ilikotoka. Ukitaka kuelewa kwa nini mitutu ya zamani ya Pemba imeoza, tazama kwanza hapo.

Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, mashamba yakapanuliwa, na hamu ya watumwa ikazidi wakati uleule Uingereza ilipomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa, mwaka 1873. Biashara ikahamia usiku. Majahazi yalivuka mkondo kutoka Mrima yakaingia kwenye vijito vya mikoko, na mabaharia wa manowari London, iliyotia nanga Unguja, wakazunguka kisiwa kwa maboti kuyawinda. Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa manowari hiyo, Charles Brownrigg, alikuwa kwenye boti ya mvuke karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Hakuwa na ruhusa ya kupekua chombo cha Ufaransa, alitaka kutazama hati tu, na watu wake hawakuwa wamejiweka tayari. Watu wa Hindi bin Khatim, mkuu wa jahazi, wakainuka na kuwamiminia risasi kwa umbali wa hatua chache. Brownrigg aliuawa. Lloyd Mathews, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa kamanda wa jeshi la Sultani, alitumwa Pemba, akamtia Hindi mkononi, na Hindi akafa kwa majeraha yake.

Jeshi la Mathews, lililoundwa tangu 1877, lilipewa na Uingereza bunduki 500 za Snider. Hii haikushindiliwa kwa mdomo. Ilifunguliwa nyuma, na risasi yake ilikuwa na ganda lenye fataki yake ndani. Chumvi ya fataki sasa ilikuwa ikiingia mtutuni kila mara, lakini hakuna aliyeigundua, kwa sababu baruti ilikuwa bado nyeusi. Masizi mengi yalimeza chumvi kidogo, na maji yaliyoondoa masizi yaliondoa na chumvi pia. Dawa ilikuwa sahihi ingawa hakuna aliyejua inatibu nini.

Kiasi cha bunduki zilizopita Unguja miaka hiyo kinashangaza hata leo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza, Euan-Smith, aliandika kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilipitiliza bara na misafara. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 ukachora mistari miwili juu ya ramani ya Afrika, digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, na kupiga marufuku kuingiza silaha za kisasa na risasi zake baina ya mistari hiyo. Pemba iko digrii 5 kusini. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni gumegume lisilo na michirizi na baruti ya kawaida. Mataifa yalisema lengo ni kukomesha biashara ya watumwa. Sikatai kwamba lilikuwemo. Lakini mkataba ule uliipa nguvu ya sheria desturi iliyokuwepo tayari: bunduki mpya kwa askari wa serikali, gobori kwa mwenyeji.

Bunduki mpya yenyewe ilikuwa imebadilika tena, na safari hii kutu ikapata nafasi. Mwaka 1884 mkemia wa Kifaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Miaka miwili baadaye jeshi lake likapewa bunduki ya Lebel. Waingereza walikubali risasi ya .303 mwaka 1888, kwanza na baruti nyeusi iliyogandamizwa, kisha na kordaiti: asilimia 58 nitrogliserini, 37 pamba iliyotiwa asidi na 5 vaselini. Iliungua karibu yote bila kuacha masizi. Askari alichungulia mtutu baada ya kupiga, akauona safi, akapaka mafuta akalala. Siku ya pili ulikuwa umeshika kutu.

Kwa miaka 30 wataalamu waliilaumu baruti yenyewe. Walisema ina asidi inayojificha kwenye vitundu vya chuma na kutoka jasho baadaye, wakauza mafuta ya kila rangi ya kuizimua. Aliyemaliza ubishi ni Wilbert Huff wa Ofisi ya Madini ya Marekani, kwa utafiti aliouchapisha mwaka 1922. Alionyesha kwamba mhalifu ni kloridi inayotoka kwenye fataki, na kwamba mafuta hayaizuii. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ukiipaka mafuta unaifunika tu, na unyevu hupenya utando huo taratibu ukaifikia. Kinachoiyeyusha ni maji, yaleyale yaliyokuwa yakitumiwa na wenye magobori. Usafi wa baruti mpya ndio uliowasahaulisha watu kuosha.

Kabla Huff hajasema lolote, vita vilikuwa vimepita mlangoni pa Pemba. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza kwenye bandari ya Unguja. Novemba, ng'ambo ya mkondo, Waingereza walishindwa Tanga mbele ya askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao bado walibeba Mauser ya 1871, yenye baruti nyeusi na wingu la moshi lililomwonyesha kila mpigaji mahali alipo. Aprili 14, 1915 meli Rubens, iliyojipaka sura ya meli ya Denmark na kujiita Kronborg, iliwasili Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mkabala na Pemba, ikiwaletea Wajerumani bunduki mpya na risasi. Manowari Hyacinth iliifukuza hadi ndani. Nahodha Christiansen akaifurisha maji matundu ya mizigo na kuwasha moto mbao za sitaha, Waingereza wakaamini imekwisha, wakaondoka.

Wajerumani wakaanza kupiga mbizi. Walitoa sehemu kubwa ya shehena, lakini risasi zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi. Kwa majuma askari na wafanyakazi walikaa kuzifungua moja moja: kung'oa risasi kwenye ganda, kumwaga baruti, kuikausha juani, kusugua shaba, kuunga upya. Nyingi hazikulipuka zilipohitajika, na Lettow-Vorbeck ilimbidi achague zipi zipelekwe vitani na zipi za mazoezi ya shabaha. Mpigaji shabaha wa leo anayenunua risasi za akiba za zamani na kuzichambua mezani kwake anarudia kazi ya Manza, ila yeye hana manowari mgongoni.

Upande wa Waingereza, askari wa King's African Rifles na wale wa Unguja waliounganishwa nao waliishi na .303. Ishike risasi moja ya Marki ya Saba. Kitako cha ganda kimepigwa herufi ya kiwanda, tarakimu mbili za mwaka na VII kwa Kirumi. Ikiwa imeandikwa 7Z, ndani hamna kordaiti bali nitroselulosi. Kuizunguka fataki kuna pete nyembamba ya rangi ya zambarau inayozuia unyevu usiingie. Unyevu usiingie! Kiwanda kilijali sana fataki isilowe kabla ya kupiga. Kilichotokea mtutuni baada ya kupiga kiliachiwa askari.

Jeshi la Uingereza, hata hivyo, halikusahau maji. Lilitoa faneli maalumu yenye shingo iliyopinda, inayoingia nyuma ya mtutu pale risasi inapokaa. Baada ya mazoezi ya shabaha birika lilitengwa, na lita kadhaa za maji yanayotokota zikamiminwa hadi mtutu wenyewe ukawa hauguswi. Joto hilo ndilo lililoukausha. Kisha uzi wenye kizito cha shaba ulipitishwa na kitambaa kikavu, mara ya pili, mara ya tatu, na mwisho kitambaa chenye mafuta kutoka kichupa kilichofichwa ndani ya kitako. Afande alipokagua alitaka kuona mwanga unazunguka mtutuni bila doa. Hakuna aliyeeleza kloridi. Amri ilitosha, na bunduki za kambini zikadumu kwa amri hiyo. Zilizotoka kambini zikaiacha amri nyuma.

Ufumbuzi wa fataki wenyewe ulikuwepo mapema. Kiwanda cha Kijerumani cha RWS kilikuwa kimeuza fataki isiyoleta kutu tangu 1901, na mwaka 1928 kikatoa nyingine isiyo na kloreti, iitwayo Sinoxid. Remington ya Marekani ilianza kuuza Kleanbore mwaka 1927. Wawindaji na wapigaji shabaha wakahama. Majeshi hayakuwa na haraka: kloreti ilikaa ghalani miongo bila kuharibika, na kwa jenerali risasi inayolipuka baada ya miaka 30 ina thamani kuliko mtutu unaong'aa. Wamarekani waliiacha kabisa miaka ya 1950 tu. Wasovieti waliendelea nayo karibu hadi dola yao ilipovunjika.

Hilo linatuleta kwenye mapinduzi ya Zanzibar. John Okello, kijana kutoka Uganda, aliingia Pemba mwaka 1959, akafanya kazi za ujenzi na siasa za vijijini kabla ya kuhamia Unguja mwaka 1963. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 watu wake, wengi wakiwa na mapanga na mikuki, walivamia ghala la silaha la polisi Ziwani. Bunduki za serikali zikageuka za mapinduzi kabla ya jua kutoka. Pemba yenyewe haikuwa na vita usiku ule. Ilipata watawala wapya siku chache baadaye, kwa boti, na bunduki zikiwa mabegani mwa waliowasili.

Muda mfupi baadaye zikafika silaha za Urusi, China na Ujerumani ya Mashariki. Risasi za kaki na kijani ndani ya makebe ya bati yaliyofungwa kwa kuchomelewa, na fataki zake zikiwa bado za kloreti. Wasovieti walikuwa na jibu lao: walipaka mtutu kwa ndani utando wa kromu, jambo ambalo Wajapani walilitangulia kwa bunduki yao ya Arisaka Aina ya 99. Kromu hailiwi na chumvi. Lakini chumvi hufika hata kwenye bomba la gesi na pistoni, na mtu anayesafisha mtutu tu akasahau sehemu hizo anaweza kukuta Kalashnikov, bunduki inayosifiwa kwa kutokufa, imekwama.

Bunduki za serikali zilirudi kusikika Pemba Januari 27, 2001, polisi walipowafyatulia waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF Wete, Micheweni na kwingineko. Zaidi ya watu 30 walikufa Pemba na Unguja, na wakimbizi kama 2,000 walivuka hadi Shimoni, Kenya. Makala ya historia ya bunduki kisiwani ikiruka siku ile itakuwa ya uongo.

Mikononi mwa raia, hadithi ilikuwa nyingine. Mkulima wa Pemba kwa desturi aliwinda kwa mbwa, nyavu na mkuki, na bunduki ilibaki kwa wachache wenye kibali. Kati ya hao, wenye bunduki za marisau ndio walioacha alama kubwa kuliko majeshi yote. Popo mkubwa wa Pemba, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1909 kwa heshima ya Mjerumani Voeltzkow aliyekuwa amezuru kisiwa, hapatikani popote pengine duniani. Hulala mchana kwa mamia kwenye mti mmoja, na nyama yake ina wapenzi. Kwa upinde au kwa mtego mwindaji aliambulia wachache. Marisau yaliyopigwa katikati ya mti uliojaa yaliangusha kundi kwa mlio mmoja, na walionusurika walihama wasirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuta wachache mno. Uchunguzi wa 1995 ulikadiria kama 5,000, na mwaka uliofuata popo huyo akaorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa. Kilichomwokoa ni vikundi vya vijiji, maarufu zaidi kile cha Kidike, karibu na Ole, kilichopata faida zaidi kwa wageni wanaolipa kutazama kuliko kwa kitoweo. Kufikia 2008 hali yake ilikuwa imeshushwa kutoka daraja lile la hatari kubwa. Risasi za marisau za miaka hiyo, kwa kejeli ya mambo, zilikuwa na fataki safi isiyoleta kutu. Zilimdhuru popo, hazikuidhuru bunduki.

Na bunduki kongwe za aina hii leo ziko wapi? Familia nyingi zilizokimbia au kuhamishwa baada ya 1964 zilikwenda Oman, hasa Sultani Qaboos alipofungua milango baada ya 1970, na kule bunduki kongwe ina heshima yake. Bunduki ya Martini ya karne ya 19 hubebwa kwenye ngoma ya razha ya harusi na Idi, na kulenga shabaha ni mchezo wa vijana na wazee. Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha hadi 1912, Sultani Faisal bin Turki alipokubali kuzifungia kwenye ghala la serikali, kwa hiyo bunduki hizo hazikuadimika. Na kwa sababu niliyoitaja ya hewa kavu, mitutu mingi ya bara ya Oman bado inafaa. Uingereza, kwenye viwanja vya Bisley vilivyofunguliwa 1890, mashindano ya bunduki za kijeshi za zamani hufanywa kila mwaka, na waliozaliwa baada ya Lee-Enfield kustaafu hulenga nayo kwa mapenzi kuliko waliolazimishwa kuibeba.

Akiba ya risasi za kloreti inapungua, ila haijaisha. Makebe ya Kisovieti ya miaka ya 1970 na masanduku ya Mauser kutoka iliyokuwa Yugoslavia yameuzwa kwa miaka mingi Ulaya na Marekani kwa bei ya chini kuliko mpya, na muuzaji asiye mwaminifu huandika juu yake kwamba hayaleti kutu. Wapigaji wana njia ya kumpima. Hufyatua fataki moja tupu juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa, wakaweka kando kipande kingine kisichoguswa, wakaviacha vyote usiku kucha kwenye sanduku lenye kitambaa kilicholowa maji. Asubuhi kimoja kikiwa na mabaka ya kutu na cha pili ni kizima, jibu limepatikana. Kwenye ukame wa Arizona, Marekani, huwezi kupima bila sanduku na kitambaa. Pemba kuviacha dirishani kunatosha, ingawa hapo hata kile kisichoguswa inabidi ukitazame mapema.